Shajara ya shamba la hisa, Vermont: Agosti hadi Novemba

Shamba hili ni la ekari tatu na nusu, kwenye bonde la mto Winooski, kaskazini mwa Vermont, Marekani. Linalisha kaya 60 ambazo hulipia hisa kabla mbegu hazijaingia ardhini: fedha hupokelewa Februari na Machi, mboga hutoka kila wiki kuanzia Juni hadi Oktoba, wiki 20 kwa jumla. Baadhi ya wakulima wake walitoka Kongo na Burundi, ndiyo maana kreti moja hubeba karoti, kabichi, lengalenga na intore pamoja. (Intore ya Warundi ndiyo intoryi ya Wanyarwanda, na ndiyo ngogwe au nyanya chungu ya Watanzania.)

Miezi hii tunaiandika kwa kirefu kuliko mingine kwa sababu ndiyo inayompotosha mkulima aliyelelewa karibu na ikweta. Bujumbura, mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haupitani hata nusu saa mwaka mzima. Hapa, mwezi wa Septemba, kila siku inapunguza kama dakika tatu. Aliyezoea kuisikiliza mvua ya masika na ya vuli hana budi ajifunze kuusikiliza mwanga.

12 Agosti

Mchana una saa 14 na dakika 12. Joto la saa 8 mchana ni nyuzi 29. Kwa macho, hakuna dalili yoyote kwamba msimu unageuka, lakini hesabu inasema umeshageuka.

Tunatumia tarehe mbili, na kila zao lina yake.

Ya kwanza ni tarehe ya baridi. Jalidi ya kwanza, yaani umande ulioganda kwa baridi, hapa bondeni huja mara nyingi wiki ya kwanza ya Oktoba. Sisi tunaweka 1 Oktoba kwa tahadhari, maana hewa baridi ni nzito na huteremka kulala bondeni. Mazao yanayokufa kwa jalidi, yaani nyanya, maharage, matango, bamia, intore, maboga na mrehani, yote huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo. Chukua siku zilizoandikwa kwenye pakiti, ongeza 14 kwa sababu mwanga unapungua, kisha ongeza siku unazotaka kuvuna. Maharage mafupi ya kula na ganda: 50, na 14, na 14 za kuvuna, jumla 78. Kwa hiyo tuta la mwisho lilipandwa 15 Julai. Atakayepanda leo atapata maua mazuri na jalidi juu yake.

Ya pili ni tarehe ya mwanga: 5 Novemba, siku ambayo mchana hapa unafika saa 10. Chini ya hapo mmea karibu hauongezeki, hata ukiwa ndani ya kitalu nyumba. Spinachi, sukuma wiki, letusi na karoti hazijali jalidi nyepesi, kwa hiyo huhesabiwa kutoka tarehe hii. Spinachi: 45, na 14, na 14, jumla 73. Jibu ni 24 Agosti. Wengi hukosea kwa kuhesabu spinachi kutoka tarehe ya baridi, wakakata tamaa mapema. Wengine huhesabu nyanya kutoka tarehe ya mwanga, wakapoteza vichala vizima.

Kazi ya leo inatokana na hesabu hiyohiyo. Ua la nyanya linahitaji siku 45 hadi 60 kuwa tunda lililoiva. Ua linalofunguka leo nje ya kitalu lina siku 50 tu mpaka 1 Oktoba. Kwa hiyo nyanya zote za nje zimekatwa vilele. Kata juu ya kichala cha mwisho chenye matunda, ukiacha majani mawili juu yake: yanakilisha kichala hicho na kukikinga na jua. Kata umande ukishakauka, la sivyo unasambaza magonjwa kwa mkasi. Intore haikatwi sasa. Huliwa changa, haisubiri kuiva, hivyo maua yake yana kazi hadi mwisho wa mwezi. Ikishageuka rangi ya chungwa imekuwa chungu na mbegu zimekomaa, basi huvunwa kwa ajili ya mbegu tu.

19 Agosti

Vitunguu maji. Shingo zimelala kwa asilimia 70 hivi kwenye matuta yote manne. Maji ya matone yalifungwa siku tisa zilizopita, pale shingo za kwanza zilipoanza kulala. Usiwahi kuzilaza kwa mguu au kwa nyuma ya reki ili ziende pamoja. Shingo iliyovunjwa ikiwa mbichi hubaki wazi katikati, na ukungu wa kuozesha shingo huingia hapo; hutauona leo, utauona Desemba kitunguu kikiwa kimelainika kutoka juu.

Ng'oa asubuhi jua likiwa na nguvu kidogo, viache juu ya tuta hadi saa 10 jioni, kisha viingie chini ya paa. Sisi hutumia meza za wavu ndani ya kitalu nyumba, juu kumefunikwa kitambaa cha kivuli cha asilimia 50, feni mbili zikipuliza chini ya wavu. Tabaka moja, likizidi mawili. Bila kivuli, kitunguu huungua ubavuni, doa jeupe lenye majimaji ambalo haliponi. Wiki mbili hadi tatu. Kipimo si tarehe: bana shingo kwa vidole viwili na usugue; ikiteleza ndani, bado. Ikiwa kavu kama karatasi, kata ukiacha sentimita tatu.

Vitunguu vya shingo nene havikauki kamwe. Vyote vimetengwa leo, vinaingia kwenye kreti za wiki hii na ijayo. Shingo nene nyingi maana yake samadi au mbolea ya naitrojeni imetolewa kwa kuchelewa. Hapa tunaacha kuitoa mwanzoni mwa Julai.

Neno moja kuhusu mbegu, kwa sababu linajirudia kila mwaka. Red Creole, ambayo ni nzuri sana Tanzania, huku haifai. Ni kitunguu cha mchana mfupi: hufunga kichwa mchana unapofika saa 11 au 12. Hapa mchana huo unapita Machi, mche ukiwa bado mwembamba kama unyasi, nao unafunga kichwa cha ukubwa wa gololi. Kaskazini huhitaji aina za mchana mrefu, zinazofunga kwenye saa 14 na kuendelea. Kanuni hiyo inayageuza mahindi ya kwetu kwa upande wa pili: mahindi meupe ya tropiki hungoja mchana ufupike ndipo yatoe mbelewele, huku yakirefuka tu, na jalidi huyakuta bila gunzi. Ukitaka mahindi meupe ya ugali, chukua mbegu ya mahindi meupe iliyochaguliwa kaskazini. Lengalenga nalo ni la mchana mfupi. Lililopandwa Juni linakupa majani wiki nane. Lililopandwa sasa litatoa maua likiwa na kimo cha goti. Kwa hiyo upandaji wa mwisho ulikuwa mwisho wa Julai, na matuta yaliyobaki yanakatwa chini kabisa, sentimita 10 kutoka ardhini, kila siku nane.

26 Agosti

Spinachi na letusi ya vuli imepandwa ndani ya kitalu nyumba, siku mbili baada ya tarehe yetu. Kilichochelewesha ni joto la udongo: nyuzi 30 kwa kina cha sentimita tano, saa 9 mchana. Mbegu ya letusi hulala usingizi udongo ukizidi nyuzi 27 hivi, na spinachi huota kwa kubahatisha. Dawa yake ni rahisi: mwagilia jioni ya kuamkia siku ya kupanda, tandaza kitambaa cha kivuli juu ya tuta, panda jioni inayofuata, mwagilia asubuhi na mchana kwa siku nne, kidogokidogo. Leo udongo chini ya kivuli ulikuwa nyuzi 24.

Oti na njegere za shambani zimemwagwa kwenye robo ekari ilipokuwa brokoli ya masika. Hizi ni mazao ya kufunika udongo. Zinakufa zenyewe kwa baridi ya Desemba na kuacha matandazo mepesi, tayari kwa kupanda mapema mwaka ujao. Ila lazima ziingie ardhini kabla Agosti haijaisha. Oti ya katikati ya Septemba huwa nyasi chache tu, udongo unabaki mtupu.

Nyanya zimefika kileleni. Vuna zinapoanza kugeuka rangi kitakoni, si zikiwa nyekundu kabisa. Kuanzia hatua hiyo mmea hauongezi kitu kikubwa ambacho nyanya haiwezi kukimalizia yenyewe ghalani, na huku nje kuna mvua, panya na mpasuko. Usiziweke chumba cha baridi; chini ya nyuzi 12 hupoteza ladha na kubaki na mabaka. Tunaziweka kwenye banda, nyuzi 18 hadi 21, kikonyo chini, tabaka mbili tu.

4 Septemba

Baada ya wiki tatu kavu, mvua imenyesha milimita 38 ndani ya saa 20. Nyanya ndogo za kichala zimepasuka kama theluthi moja. Maganda yalikuwa yameshakazwa na ukame, kisha mizizi ikanywa maji kwa ghafla na ndani kukavimba. Mistari iliyokuwa ikipata maji ya matone kila siku ya pili imepasuka kidogo sana kuliko ule mstari ambao bomba lake lilikuwa limeziba tangu Agosti. Chujio la bomba hilo lilikuwa limejaa mwani. Sasa linasafishwa kila baada ya siku nne, si kila wiki. Na utabiri ukisema mvua kubwa, vuna jioni ya kuamkia hiyo mvua kila nyanya yenye rangi hata kidogo.

Wanahisa wameandikiwa waziwazi: nyanya ndogo zimepungua, badala yake kuna kilo moja ya nyanya za mchuzi. Hapo ndipo hisa inapotofautiana na soko. Mashamba mawili ya kwanza ya mfumo huu Marekani, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yalianza mwaka 1986 kwa makubaliano hayohayo, kwamba mlaji anabeba hasara pamoja na mkulima. Kabla yao Booker T. Whatley, profesa wa kilimo wa chuo cha Tuskegee, Alabama, alikuwa akiwashauri wakulima wadogo weusi waanzishe vilabu vya wateja wanaolipa mapema. Makubaliano hayo hayasimami bila taarifa. Mwanahisa akikuta kreti nyepesi pasipo maelezo, mwaka unaofuata harudi.

Kwa sababu tuko bondeni, kila mvua kubwa inapimwa pia kwa kina cha mto. Dhoruba ya Irene, 28 Agosti 2011, ilifurisha bonde hili mazao yakiwa kileleni; mafuriko yalirudi 10 na 11 Julai 2023, na tarehe hizohizo mwaka 2024. Kanuni haina mjadala: sehemu inayoliwa ikiguswa na maji ya mto uliofurika, hailiwi, haiuzwi, haigawiwi bure. Maji hayo hubeba vinyesi, mafuta na kemikali. Dimbwi la mvua iliyotuama shambani si kitu kimoja na hilo. Mazao ya ghala, yaani viazi, karoti na maboga, tunayapanda sehemu ya juu ya shamba, hata kama udongo wa chini una rutuba zaidi.

Kreti ya wiki: nyanya, nyanya za mchuzi, pilipili hoho, intore, vitunguu vya shingo nene, lengalenga, matango ya mwisho, kotmiri.

11 Septemba

Usiku umeshuka hadi nyuzi 8. Mrehani umepata madoa meusi. Haukupigwa na jalidi, hauvumilii tu chini ya nyuzi 10. Wote umekatwa leo.

Majani ya maboga yamekuwa meupe kwa ubwiri unga. Ugonjwa huu hauhitaji majani yaliyolowa, unapenda mchana mkavu na usiku wenye unyevu, ndiyo Septemba yenyewe. Wiki hii hatupulizi chochote, maboga yameshafikia ukubwa. Ungekuja mwanzoni mwa Agosti ingekuwa habari nyingine, maana majani yakifa mapema boga haliwi tamu hata likaushwe vipi.

Mashina ya viazi mviringo yamefyekwa hadi ardhini. Viazi vinabaki chini siku 14 ili ngozi ikaze. Kiazi ambacho ngozi yake inachubuka kwa kidole gumba hakihifadhiki.

18 Septemba

Maboga yote yamevunwa, na hapa tunataka kueleza kwa urefu, maana boga hupotezwa mikononi zaidi kuliko shambani.

Dalili za kukomaa: kucha haiingii kwenye ganda, kikonyo kimeanza kuwa kikavu chenye mikwaruzo kama gome, boga la aina ya butternut halina tena michirizi ya kijani karibu na kikonyo. Kata kwa mkasi mkali ukiacha kikonyo cha sentimita nne. Usilibebe kwa kikonyo. Kikichomoka, limebaki tundu, na boga hilo linaingia kreti ya wiki hii, halifiki ghalani. Usilirushe kutoka mkono hadi mkono, hata mtu akiwa hodari wa kudaka. Jeraha la ndani halionekani. Usilioshe. Futa udongo kwa kitambaa kikavu.

Kosa kubwa ni kuyaacha shambani ili yaendelee kupendeza. Boga haliuliwi na usiku wa nyuzi 6, lakini kila usiku ulio chini ya nyuzi 10 unaandikwa kwenye deni. Baada ya usiku kadhaa wa namna hiyo ganda huanza vishimo vidogo, na mwezi mmoja baadaye linaoza rafuni, nawe unadhani ghala ndilo lenye kosa. Tulikuwa na usiku wa aina hiyo mara tatu, ndiyo maana hatukungoja wiki nyingine.

Kukausha: nyuzi 27, hewa ikitembea, siku 10, kwenye meza zilezile zilizobeba vitunguu. Ganda linakaza na mikwaruzo inafunga. Lile boga dogo lenye mifuo, acorn, halikaushwi kwa joto. Linapoteza utamu na maisha yake yanafupika. Kisha ghala la nyuzi 10 hadi 13, pakavu. Mpangilio wa kugawa unafuata asili ya kila moja: acorn mara moja, kabocha baada ya wiki tatu au nne wanga wake ukishageuka sukari, butternut mwisho kabisa. Tunaandika aina na tarehe kwa chaki kwenye kila kreti ili asije mtu akachukua ya mbele kwa sababu tu iko karibu na mlango.

25 Septemba

Mchana na usiku sasa vinakaribia kulingana. Viazi vitamu vimechimbwa, siku 107 tangu vipandikizi viingie ardhini 10 Juni kwenye plastiki nyeusi. Joto la udongo kwa kina cha sentimita 10 limefika nyuzi 14, na chini ya 13 kiazi kitamu huanza kuumia kikiwa bado ardhini: kikipikwa katikati hubaki kigumu.

Siku moja kabla ya kuchimba tulichuma matembele, vichomozi laini vya mwishoni vyenye urefu wa kiganja, kwa vile jalidi ingeyafanya meusi yote usiku mmoja. Kila kreti imepata fungu, pamoja na kikaratasi kwa wanahisa wasioyajua: chemsha dakika chache, mwaga maji, kaanga na kitunguu na nyanya, au pika na karanga iliyosagwa.

Kiazi kitamu kipya kina ngozi nyembamba kuliko ya nyanya. Chimba kwa uma ukianzia sentimita 40 kutoka shinani, inua, usivute. Usikioshe. Kiingie chumba cha kukaushia siku hiyohiyo: nyuzi 29, unyevu wa hewa asilimia 85 hadi 90, siku saba. Chumba chetu ni mita tatu kwa tatu, kimewekewa tabaka la povu, hita ndogo ya umeme yenye kidhibiti joto, na mabeseni mawili ya maji mbele ya feni. Joto na unyevu vikiwa sawa, kila mkwaruzo unaota ngozi mpya chini yake. Ukiwa na joto bila unyevu, kiazi kinanyauka na mkwaruzo unabaki wazi. Baada ya hapo, nyuzi 13 hadi 16. Kamwe chumba cha baridi pamoja na karoti.

Aina tuliyopanda ni Beauregard, ya Louisiana, nyama ya rangi ya chungwa na laini. Viazi vyeupe vikavu, ambavyo watu wa Maziwa Makuu wanavipenda zaidi, tulipanda mistari miwili na vimetoa vidole tu. Vinataka msimu mrefu kuliko huu. Mwakani vitajaribiwa ndani ya kitalu nyumba.

Viazi mviringo navyo vimetoka. Giza mara moja, wiki mbili nyuzi 12 hivi, kisha nyuzi 4. Usishuke chini ya hapo: wanga unageuka sukari, na chipsi zinakuwa nyeusi kabla hazijaiva.

2 Oktoba

Tarehe yetu ya baridi imepita bila jalidi. Huko ni kupata, si kukosea hesabu.

Rai, nafaka ya jamii ya ngano tunayoitumia kufunika udongo, imemwagwa kwenye nusu ekari ya maboga na viazi, kilo 25. Rai ndiyo pekee tunayoiamini kwa kuchelewa namna hii. Huota hata udongo ukiwa na nyuzi chache tu, na haifi kwa theluji. Tulitaka kuichanganya na vechi, mmea wa jamii ya kunde, ili ipate naitrojeni, lakini vechi inataka kuingia kabla ya katikati ya Septemba, na maboga yalikuwa bado yamekalia ardhi. Kwa mwakani: kwenye tuta la maboga, mwaga klova mwishoni mwa Juni kabla matawi hayajafunga.

9 Oktoba

Jalidi ya kwanza: nyuzi 2.5 chini ya sifuri saa 12 asubuhi, kwenye kipimajoto kilichowekwa kimo cha goti katikati ya shamba.

Utabiri wa jana kwa mji wa Burlington ulisema nyuzi 1 juu ya sifuri. Bondeni ondoa tatu. Dalili zilikuwa zote: anga jeupe bila wingu, upepo umekufa kabla ya magharibi, hewa kavu. Wingu ni blanketi. Likikosekana, joto la ardhi linapanda juu usiku kucha.

Utaratibu wa jana ulikuwa huu. Saa 4 asubuhi hadi saa 8, vuna chochote kinachokufa: hoho zote hata za kijani, intore, biringanya, maharage. Wakati huohuo maji ya matone yalifunguliwa kwenye letusi za nje, maana udongo uliolowa hushika joto la mchana na kulirudisha usiku. Saa 9, matao ya waya kila mita moja na nusu, kitambaa cha gramu 30 kwa mita ya mraba juu yake, kingo zikikandamizwa kwa mifuko ya mchanga kila mita mbili. Kazi hii imalizike jua likiwa bado lipo. Ukifunika saa 2 usiku umefunika baridi. Kitambaa hicho kinakupa nyuzi mbili au tatu, si zaidi, na kisiguse majani: pale kilipogusa leo, letusi zina alama ya maji.

Nyanya za kijani zilizobaki kwenye mimea iliyokatwa vilele zilichumwa zote, lakini si zote zitaiva. Kata moja ya kila ukubwa. Kisu kikikata mbegu, nyanya hiyo ni changa na itanyauka bila kuiva. Hizo ni za achari. Mbegu zikiteleza pembeni ndani ya utelezi, imekomaa na itageuka rangi kwenye nyuzi 15 hadi 18 baada ya wiki mbili au tatu. Kagua kila siku ya pili, toa iliyooza.

Leo asubuhi hakuna aliyeruhusiwa kugusa sukuma wiki kabla ya saa 4. Jani lililoganda likishikwa linavunjika ndani, na mchana linakuwa jeusi palepale penye alama ya vidole. Likiachwa liyeyuke lenyewe, halina kasoro. Kuanzia sasa sukuma, kabichi na karoti zinazidi utamu, maana mmea hugeuza wanga kuwa sukari ili maji ya ndani yasigande upesi.

16 Oktoba

Vitunguu saumu. Tuta la mita 30, mistari minne, sentimita 15 kati ya punje na punje: punje 800. Aina ya shingo ngumu hutoa wastani wa punje sita kwa kichwa, kwa hiyo vichwa 135 vilitengwa tangu Julai, vikubwa kuliko vyote. Punje ndogo hupikwa, hazipandwi. Hutoa kichwa kidogo bila kukosa. Ncha juu, kina cha sentimita tano. Saumu inahitaji majuma ya baridi ardhini ndipo kichwa kigawanyike. Iliyopandwa masika mara nyingi hutoa punje moja ya mviringo.

Wakati wake ni wiki tatu au nne kabla ardhi haijaganda: mizizi iote, majani yasitokeze. Matandazo ya majani makavu ya ngano, sentimita 12, yatawekwa wiki mbili baadaye udongo ukishapoa. Bila hayo, ardhi inapoganda na kuyeyuka inazisukuma punje nje.

23 Oktoba

Kreti ya mwisho, ya 20: butternut mbili, viazi vitamu kilo mbili, viazi mviringo kilo mbili, karoti, kabichi, vitunguu, saumu, spinachi. Vizito chini, spinachi juu ndani ya mfuko. Kikaratasi cha mwisho kinaeleza mahali pa kuweka kila kitu nyumbani: butternut na viazi vitamu nje ya friji, karoti ndani ya friji bila majani, mbali na tufaha, kwa sababu hewa ya tufaha huzifanya chungu, viazi na vitunguu vitengane.

5 Novemba

Mchana saa 10 kamili. Spinachi ya kitalu nyumba ina majani saba hadi tisa, ukubwa tuliotaka; itakaa hivyohivyo na kuvunwa kidogokidogo, ikirudi kukua mwanzoni mwa Februari. Letusi iliyopandwa siku hiyohiyo iko sawa. Ile iliyopandwa 9 Septemba kwa majaribio ina majani manne, imesimama.

Mabomba ya matone yamemwagwa maji, yamekunjwa na kufungwa kwa mistari yake, chujio na pampu vimeingia ndani. Matandazo ya saumu yamewekwa, na vigingi vya mbao vyenye rangi ya chungwa vimekitwa pembe nne za tuta ili trekta ya Aprili isilipite juu.